Uzito wa Kikapu Kitupu

Nefta, 6 Oktoba

Dada Wided,

Barua hii nimempa Hédi wa gari la Tunis pamoja na boksi la tende. Nimemwambia akifungua boksi nitajua, na akifungua barua nitamloga. Usinicheke kwamba naandika kwa kalamu kama bibi kizee. Simu ya nyumba hii si simu, ni redio. Ukipiga tu, Mama anaweka sauti kubwa, Baba Mkubwa Tayeb anasogeza kiti, jirani anasimama dirishani, na mimi nabaki kusema "salama, salama" kama kasuku.

Nijibu jambo moja, na unijibu kama dada, usinijibu kama mtaalamu. Ulipompeleka Baba kwenye mashine yenu mwezi uliopita, ulirudi ukasema njia ya maneno kichwani mwake bado ina kitu. Kitu gani? Maana Mama neno lako ameligeuza aya. Kila anayekuja kumjulia hali Baba anaambiwa: "Wided kaona kwa macho yake, ulimi unarudi." Tangu alipoanguka mtendeni Aprili, wakati wa kuchavusha, hajatamka hata jina lake, lakini ulimi uko njiani, kama vile umepanda gari la Hédi.

Na mimi ndiye ninayengojeshwa. Mchumba wangu Mounir ana mkataba wa kazi Doha, anaondoka mwisho wa Januari. Baba Mkubwa alisema Fatiha ya ndoa isomwe tu, yeye atakaa mahali pa Baba. Mama akamrukia: "Utakaaje kwenye kiti cha mtu aliye hai, na ulimi wake unarudi?" Baba Mkubwa akaacha chai yake nusu, akaondoka bila kuaga. Mounir akienda bila ndoa sijui atarudi lini, na siku nyingine sijui kama atarudi.

Lakini hata mimi sitaki kuolewa kabla Baba hajatamka. Unakumbuka alivyokuwa akinitania? "Wewe nitakuozesha kwa mdomo wangu, na nitamsomea bwana harusi masharti mpaka atoroke." Basi nasubiri. Ila nataka kujua ninachokisubiri.

Baba salama. Anakula. Jana alinibana mkono nilipomtajia jina lako.

Mdogo wako,
Nejla

*

Tunis, 11 Oktoba

Nejla wa roho yangu,

Tende zimefika, zimepungua safu moja. Mwambie Hédi namjua.

Umeniuliza ni kitu gani, nami nitajaribu. Mashine yetu ni sumaku kubwa inayofuata maji yaliyo ndani ya ubongo. Maji hayo hayatulii, yanatangatanga. Lakini palipo na nyuzi nzima za neva, yanabanwa humo kama maji ya mfereji wa bustanini kwetu: yanakwenda kwa urefu, hayavuki kingo. Tunapiga picha kwa nguvu ndogo, kisha kubwa, kisha kubwa zaidi. Kila tukiongeza nguvu, maji yanayotanga ovyo yanafifia pichani. Yanayobaki na mwanga hata kwenye nguvu ya mwisho ndiyo yaliyobanwa ndani ya nyuzi.

Kwa Baba, upande wa kushoto, njia ya maneno, mwanga ulibaki. Mdogo sana, lakini ulikuwepo. Niliogopa kwamba ni kelele tu, maana kila picha ya mashine ina kelele zake, zile chengachenga. Kwa hiyo niliirudia picha ileile mara nyingi, maskini Baba amelala humo anagongewa kama yuko kwa mhunzi, kisha nikachukua wastani. Kelele zikirudiwa hufutana, cha kweli hubaki. Mwanga ulibaki, Nejla. Tena kila nilivyorudia ndivyo ulivyotulia.

Sikusema atazungumza. Nilisema kuna kitu. Lakini uliponiandikia kwamba anakubana mkono akisikia jina langu, nililia kwenye tramu mbele za watu, mama mmoja akanipa kitambaa na pole ya msiba.

Niandikie kila zuri unaloliona kwake. Usiache hata moja. Linanisaidia kuisoma picha.

Wako,
Wided

*

Nefta, 20 Oktoba

Binti yangu Wided,

Ni mimi mama yako ninayesema, Nejla anaandika. Nimemwambia akiongeza lake nitajua kwa jinsi kalamu inavyochelewa.

Huku salama, hakuna ubaya. Baba yako kapendeza usoni. Anakula mtabga yangu, ule mkate wa kujazwa vitunguu, nikimmegea vipande vidogo. (Anakula. Kidogo. N.) Umeona? Kalamu imechelewa.

Kila asubuhi nikishamwosha nakaa mbele yake namwuliza: "Baba Wided, tukungoje? Tukungoje mpaka upone, umwozeshe binti yako?" Naye ananyanyua uso. Ananyanyua uso juu kule dirishani, anatazama vilele vya mitende yake, anamwomba Mola. Mimi naitikia amina. Mtu aliyekata tamaa hutazama chini, mwanangu. Baba yako anatazama juu.

Namfumia barnusi mpya, joho la sufu nyeupe, aivae siku atakayokaa kumwozesha mdogo wako. Nimefika mabegani.

Tayeb anapita akisema najidanganya. Mwambie wewe uliyesoma. Na usihuzunike huko peke yako. Aliye nyumbani hulia na watu, aliye mbali hulia na ukuta. Ndiyo maana barua ya kwenda mbali haipakiwi neno baya.

Mama yako,
Zohra

*

Tunis, 2 Novemba

Nejla,

Sielewi, na sipendi kutoelewa.

Jana nilimwonyesha Madam Kmar picha za Baba. Ni yule mkuu wangu, mwanamke wa maneno machache anayekunywa kahawa baridi kwa hiari yake. Alizitazama, akauliza swali moja: "Nje ya kichwa, hewani, mwanga ni kiasi gani?" Nikasema hewani hakuna maji, hakuna kitu. Akasema: "Sikukuuliza kuna nini. Nimekuuliza mwanga ni kiasi gani." Akanywa kahawa yake, akaenda zake.

Nikapima. Kwenye nguvu ya mwisho, hewa iliyo nje ya sikio la Baba ina mwanga sawasawa na njia yake ya maneno. Hewa, Nejla!

Ingekuwa mtu mwingine, ningekwisha kusema: hapa hamna kitu. Lakini ninazo barua zenu mezani. Anabana mkono. Ananyanyua uso akiulizwa. Anapendeza. Mtu asiye na njia hafanyi hivyo. Kwa hiyo labda nimepima vibaya. Au hewa ina lake. Nimekaa mpaka macho yameniuma, na kila nikiamini picha naziona barua, nikiamini barua naiona picha.

Nijibu waziwazi: amesema neno, au hajasema?

Wided

*

Nefta, 9 Novemba

Dada,

Amesema. Yaani, ametoa sauti. Juzi, baada ya supu. Mama kasema ilikuwa "Wi", mwanzo wa Wided. Akatoka mpaka nje kuwaambia majirani, wakapiga vigelegele, na sasa mtaa mzima unajua Baba kaanza kukuita.

Mimi nilisikia nini? Usiniulize. Wewe ndiye uliyeona ndani ya kichwa, mimi naona nje tu. Siku ninapoona hamna kitu najiambia: Nejla, wewe nani? Dada yako kasoma miaka yote ile, kaona mwanga. Basi naangalia tena, na nikiangalia sana naona kidogo.

Mounir kaja jana na mama yake. Wamekaa, wamekula, wameondoka. Mlangoni aliniambia: "Nejla, siwezi kushindana na baba yako. Lakini naomba nijulishwe kama nashindana na mtu au na ndoto." Nilimfungia mlango usoni, halafu nikakaa nyuma ya mlango huohuo nikilia.

Baridi imeanza. Tumemgeuza Baba kitanda, upepo wa dirisha usimpige.

Nejla

*

Tunis, 28 Novemba

Nejla mdogo wangu,

Kaa chini, na barua hii usimsomee Mama.

Unakumbuka mizani ya Baba ya kupimia tende, ile ya kuning'iniza, yenye sindano? Chukua kikapu kitupu ambacho uzito wake umekwisha kuondolewa, sindano isome sifuri, kining'inize siku ya upepo. Sindano haitatulia. Mara itacheza juu ya sifuri, mara chini ya sifuri. Ukiandika kila mara, juu jumlisha, chini toa, mwisho wa siku yote yatafutana na utapata sifuri: kikapu ni kitupu. Sasa tuseme mwandishi wako hapendi alama ya kutoa. Kila sindano ikienda chini, yeye anaandika kama imekwenda juu. Piga wastani uone. Kikapu kitupu kitakuwa na uzito. Mdogo, lakini upo. Na upime mara elfu, hautaondoka, utazidi kutulia.

Mashine yetu ndiyo mwandishi huyo. Zote zina tabia hiyo: picha inaonyesha ukubwa tu, alama inatupwa. Mahali penye mwanga mwingi hakuna hasara. Lakini penye giza, kelele zilizonyang'anywa alama haziwezi kufutana, zinarundikana zinakuwa kama mwanga. Mimi nalijua hili, Nejla. Ndiyo kazi yangu. Wagonjwa wa watu nisingewakosea. Ilipofika kwa Baba sikutazama, kwa sababu nilikuwa nautaka ule mwanga.

Nimerudi kwenye namba mbichi, zile za kabla mashine haijatupa alama. Nimeweka kila kutoa mahali pake na kila kujumlisha mahali pake, ndipo nikachukua wastani. Upande wa kulia nyuzi zipo, nzuri kabisa. Njia ya kusikia na kuelewa, sehemu kubwa ipo. Njia ya maneno haipo. Ulimi hauko njiani. Usiusubiri.

Nimekaa nikajiuliza niliwezaje kukaidi mpaka hewa ya nje ya kichwa. Ni barua zenu. Nami niliwaomba mazuri peke yake! Mlinipa, mkatupa yaliyobaki. Mimi niliamini picha kwa sababu ya barua zenu, nanyi mliamini macho yenu kwa sababu ya picha yangu. Tumeegemeana, na katikati hamna ukuta.

Sasa niandikie mliyoyatupa. Yote. Hata yanayouma.

Nisamehe. Wided

*

Nefta, 12 Desemba

Wided,

Nimekuchukia siku tatu nzima. Nimevunja birika. Halafu nikacheka, kwa sababu nilikumbuka ulivyokuwa ukiniambia hesabu haina uchungu.

Haya, pokea uliyoyataka.

Mkono alinibana, ndiyo. Na siku hiyohiyo alibana kijiko, alibana shuka, alimbana paka mpaka akalia. Anabana ukimtaja wewe, anabana ukimtaja mtoza kodi, anabana pakiwa kimya. "Wi" ilikuwa kikohozi cha supu. Niliisikia vizuri, nilikuwa nimeshika bakuli. Hajapendeza usoni, amekonda, pete yake tumeivua isije ikapotea. Kuna siku anakataa kufungua mdomo mpaka jioni. Kuna siku machozi yanamtoka bila sauti, na Mama anasema ni vumbi. Alipokuja daktari wa hapa akamwambia bana mkono, acha mkono, alibana alipoambiwa aache.

Na lile la uso. Hili nilikuficha, kwa sababu lilinitia hofu. Nilikwambia kitanda tumekigeuza. Sasa dirisha liko nyuma ya kichwa chake, mbele yake ni ukuta mtupu na picha ya Makka iliyo pembeni. Na bado ananyanyua uso. Haangalii mtende wowote, Wided. Anamwangalia Mama, kisha ananyanyua. Mama anasema mitende kaihifadhi moyoni. Mimi nadhani ni shingo inamvuta, ugonjwa unashuka.

Ndiyo hayo. Sijui sasa tufanye nini. Barnusi imebaki pindo. Mounir kaacha kupiga simu. Nikimwambia Mama ulimi hauji atakufa kabla ya Baba.

Nejla

*

Tunis, 17 Desemba

Nejla,

Mambo mawili tu, Hédi ananingoja anapiga honi.

Uso anaunyanyua wakati gani hasa? Usinijibu kwa kumbukumbu. Anza kesho. Muulize mambo mbalimbali, ya maana na ya upuuzi, asubuhi na mchana, uchanganye. Usimsaidie, usimshike mkono. Na uniandikie kila kitu kama kilivyo, hata alipokaa tu.

La pili: nina wazo langu na sikwambii, nisije nikakupa macho yangu tena.

Wided

*

Nefta, 28 Desemba

Dada yangu,

Keti. Mimi naandika nimesimama, siwezi kukaa.

Nilifanya ulivyosema. Nilimwuliza: Baba, chai? Akakaa tu. Baba, Mounir umemwonaje? Akakaa. Baba, mimi ni punda? Akakaa, ingawa jicho lake nililiona likicheka. Baba, tukungoje? Akanyanyua uso. Kesho yake: baridi? Kimya. Umeshiba? Kimya. Tuendelee kukungoja mpaka upone? Uso juu. Nikamwuliza mchana, Mama hayupo: uso juu. Nikamwuliza kwa kunong'ona, nikamwuliza kwa ukali. Uso juu. Mengine yote yanakuja na kwenda kama kule kumbana paka. Hili halikosei.

Na bado sikuelewa! Nilikuwa nayo yote mkononi nikashangaa kama ng'ombe.

Leo Baba Mkubwa kaja, kanuna kama kawaida yake, kakaa kizingitini. Jirani akapita akamwuliza: "Tayeb, tende za mwisho mmeshauza?" Baba Mkubwa, unamjua, hafungui mdomo bure. Akanyanyua kidevu, akapiga kidoko kwa ulimi. Basi. Jirani akaenda zake.

Nilikuwa nimeshika sinia. Liliniponyoka.

Wided, ile ndiyo hapana ya kwetu! Tumezaliwa tukiiona. Baba alininyima baiskeli kwa kidevu kile. Aliwafukuza madalali wa tende kwa kidevu kile, bila kutoka kivulini. Kidevu juu na kidoko. Sasa ulimi umekufa, kidoko hakisikiki, kimebaki kidevu peke yake, na sisi tukasema anatazama mitende, anaomba dua, shingo inamvuta. Sisi! Angekuja mtu wa mbali asiyetujua tungemsamehe.

Nikaingia ndani, nikamwambia Mama mbele ya Baba Mkubwa. Mama akanitazama kama nimerukwa na akili. Akapiga magoti mbele ya Baba, akamwuliza taratibu, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake: "Baba Wided, tukungoje?"

Kidevu juu.

"Usituogope. Tukungoje?"

Kidevu juu, na macho yakamjaa machozi.

Baba Mkubwa akasogea, kofia mkononi. Akasema: "Ndugu yangu, nikae mimi mahali pako?"

Tukangoja. Wided, nilikitazama kidevu kile kuliko nilivyowahi kutazama kitu chochote duniani. Hakikunyanyuka. Baba alimtazama tu ndugu yake. Baba Mkubwa akauliza tena, na tena, mpaka nikamwambia inatosha. Hakikunyanyuka.

Baba Mkubwa akafuta uso akasema: "Kimya cha bi harusi ni ridhaa. Leo na cha baba yake." Mimi nikacheka na kulia kwa pamoja, nikaonekana mbaya, na ni bahati Mounir hakuwepo. Nimeshampigia. Amesema anakuja na mama yake, na mashahidi, na asipofunguliwa mlango safari hii atapitia dirishani.

Mama hakulia pale. Alikwenda akamaliza pindo la barnusi, akaja akamvika Baba, akamfunga vizuri shingoni. Halafu akakaa chini, kichwa kwenye magoti ya Baba, akasema: "Tangu aanguke ananiambia hapana, na mimi naitikia amina." Hapo ndipo alipolia, na hakuna aliyemwambia ni vumbi.

Fatiha ni Ijumaa ijayo baada ya sala. Njoo na Hédi, nimemlipia kiti cha mbele. Ukipiga simu Mama atakwambia huku salama, hakuna ubaya. Si kweli. Baba amekonda sana, na anakungoja.

Nejla